Kiboko na Picha Isiyo na Mtu Nyuma

"Ngano hiyo inapita!"
"Ishike isipite!"
"Nimeishika mkia."
"Ivute tuione!"
"Ina mkubwa na mdogo."
"Mkubwa ana nini?"
"Ana maji."
"Mdogo ana nini?"
"Ana kiu."

Basi kaeni. Anayetaka kusimama asimame, maana katika ngano hii kila mtu anahangaika isipokuwa mmoja. Huyo mmoja anatulia tuli, na ndiye anayeibiwa.

Palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na mto. Mvua zikakosekana, mto ukakatika, likabaki bwawa moja. Ndani ya bwawa alikaa Kiboko.

Mwanzoni hapakuwa na neno. Wanyama walikuja, wakanywa, wakaondoka. Kiboko alipiga miayo, hwaaa! Akazama, chubwi! Akaibuka tena. Maji yalikuwa ya wote, na ukubwa ulikuwa wake.

Kisa kilianza na karatasi.

Wageni walikuwa wakija bondeni kwa magari, wakipiga picha, wakirudi kwao. Siku moja Nyani alichungulia ndani ya gari lililosimama, akakwapua karatasi, akapanda nayo mtini. Ilikuwa karatasi ya kuwakaribisha wageni. Ilikuwa na picha ya Simba, picha ya Tembo, na picha ya Kiboko. Nyani akaitazama. Akacheka. Akashuka mbio akaipeleka bwawani.

"Mkubwa, umetoka!"

"Nimetokaje?"

"Umetoka na shingo."

"Shingo gani?"

"Ndefu."

Kiboko akatazama. Alikuwa pale, ameachama, meno nje, kama anavyopenda aonekane. Lakini wakati picha inapigwa, Mbuni alikuwa amesimama ng'ambo, sawasawa nyuma yake. Mwili wa Mbuni haukuonekana. Ilionekana shingo tu. Ilikuwa imeota katikati ya masikio ya Kiboko, imenyooka kwenda juu, na kileleni kichwa kidogo kimetumbua macho.

Bonde zima likacheka. Fisi alicheka mpaka akakaa chini. Kila Kiboko alipoibuka, Chura mmoja aliuliza, "Shingo iko wapi leo?" Chura wa pili akajibu, "Ameivua, kuna joto."

Kiboko hakucheka. Alitoka majini nusu, akanguruma.

"Hung! Hung! Kuanzia leo, nyuma yangu asisimame mtu!"

Mbuni akauliza kwa adabu, "Nyuma yako ni upande gani, mkubwa?"

"Ule nisioutazama."

Kiboko akageuka kushoto. Waliokuwa kulia wakawa nyuma, wakakimbizwa. Akageuka kulia. Waliokuwa kushoto wakawa nyuma, wakakimbizwa. Alishinda anageuka, na kila ukingo ukapata zamu yake ya kuwa nyuma. Jua lilipoanza kushuka, bwawa lilikuwa halina mnywaji.

Pundamilia alijaribu, akarudi na mkwaruzo ubavuni. Ngiri alijaribu, akarudi bila kunywa na bila kueleza.

Wanyama wakasimama mbali, wakaomba. Kiboko akawapa sharti.

"Ipigwe picha nyingine. Mimi peke yangu, na nyuma yangu pawe safi. Ikitoka hiyo, maji nitafungua. Isipotoka, lambeni umande."

Mpiga picha wa bonde alikuwa Nguchiro. Nguchiro ni mfupi wa miguu na mfupi wa subira. Hakai. Akikaa, mkia unakwenda. Mkia ukitulia, pua inakwenda. Kamera aliipata kwa mgeni mmoja aliyefukuzwa na nyuki, akaitupa majanini ili akimbie vizuri. Tangu siku hiyo Nguchiro ndiye aliyepiga picha za harusi na za matanga bondeni, na kila mtu aliyajua maneno yake: "Sogea kidogo. Bado. Sogea kidogo."

Nguchiro akaja mbio. Akalenga. Kacha! Kiboko akatazama kwenye kioo cha kamera.

"Hiki nini?"

"Kisiki, mkubwa."

"Kimetoka kwenye sikio langu."

"Kiko ng'ambo, mkubwa. Katika picha ndio kinaonekana kimetoka sikioni."

"King'olewe."

Wanyama wakaja na kiu yao, wakashika kisiki. Haya, vuta! Haya, vuta! Kikang'oka. Wakasimama, wanayatazama maji. Kiboko akasema, "Bado."

Nguchiro akalenga. Kacha! Kiboko akatazama.

"Hivi nini?"

"Matete, mkubwa."

"Yamenichoma kichwani kama sindano."

"Yako ng'ambo, mkubwa."

"Yafyekwe."

Wanyama wakaja na kiu yao, wakafyeka. Fye! Fye! Fye! Ukingo ukawa mweupe. Wakasimama, wanayatazama maji. Kiboko akasema, "Bado."

Nguchiro akalenga. Kacha! Kiboko akatazama.

"Na hiki nini?"

Nguchiro akatazama. Akatazama tena.

"Mkubwa, huo ni mlima."

"Umenikaa kichwani kama kofia ya kuazima."

"Uko mbali sana, mkubwa. Ni mwendo wa siku."

"Uondolewe."

Hata vyura walinyamaza.

"Mkubwa," Nguchiro akasema, "mlima hauondoki."

"Basi na maji hayafunguki."

Chubwi! Akazama.

Wanyama wakatawanyika. Hawakwenda mbali. Walizunguka, wakarudi, wakazunguka tena, kila mmoja akijifanya anapita tu. Wakalamba majani. Wakalamba mawe. Tembo alikuwa amekwisha hama zamani kutafuta maji kwingine, lakini Tembo ana miguu ya kuhama.

Nguchiro alikuwa anazunguka kichuguu, kamera shingoni. Mama Swala akamfuata.

"Nguchiro, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wangu hanyanyuki."

Nguchiro akasimama. Mama Swala akamwonyesha kichaka. Mtoto alikuwa amelala chini yake, masikio yameanguka pande mbili.

"Anaumwa?"

"Ana njaa. Mimi sijanywa, maziwa yamekatika. Anavuta, hapati. Ananyonya hewa." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Mimi sitaki bwawa la mtu. Nataka kuinamisha kichwa mara moja tu, maziwa yarudi. Kesho nitakuwa nimechelewa."

Nguchiro akaanza tena kuzunguka kichuguu. Chini ya kichuguu alikuwa amelala Ngiri, mtani wake, ambaye kwa kawaida Nguchiro humtoa kupe mgongoni na yeye hulipa kwa maneno.

"Shemeji," Ngiri akasema, "unazunguka kama umepoteza mkia. Simama ufikiri."

"Nikisimama sifikiri."

"Basi twende tukausukume huo mlima. Mimi nina pembe, wewe una kelele."

"Si pembe, ni meno."

"Ndiyo maana hupendwi, shemeji. Una usahihi mwingi."

"Mlima hauhami, bwana. Hata ukiwa na pembe." Nguchiro akazunguka mara nyingine. Kisha miguu ikasimama yenyewe. "Mlima hauhami. Lakini Kiboko anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Mbele."

Akawaita wanyama nyuma ya kichuguu, akasema haraka haraka: Nitamtoa majini. Nitamweka kule uwanjani, uso kwangu, mgongo kwenu. Nikiinua mkia, njoni mnywe. Nikiushusha, laleni chini.

"Na wewe shemeji," akamwambia Ngiri, "unywe kimya."

"Mimi hunywa kimya."

"Wewe ukinywa, bonde la pili wanauliza nani kafungua bomba."

Jua lilikuwa limepanda. Nguchiro akafika ukingoni, akakohoa.

"Mkubwa, nimepata dawa ya mlima."

Kiboko akaibuka, macho na pua tu. "Umeung'oa?"

"Nitauyeyusha."

"Unanitania."

Nguchiro akachuma jani, akalishika mbele ya pua ya Kiboko, karibu kabisa, mwili ameurudisha nyuma kwa sababu pua ile iko jirani na meno.

"Litazame jani, mkubwa. Unaliona?"

"Naliona."

"Usiliache. Sasa, nyuma ya jani, mlima uko vipi?"

Kiboko akakaza macho mpaka yakataka kukutana.

"Kama moshi."

"Ndiyo kazi ya kamera. Kilicho karibu nayo inakishika. Kilicho mbali inakiyeyusha. Wewe umekaa umebanana na mambo yako yote, ukingo shingoni, matope kidevuni. Ukivitoka, ukaviacha mbali, ukanijia mimi, vyote vitayeyuka."

"Na mlima?"

"Mlima kwanza."

"Na akitokea Mbuni?"

"Mbuni hatabaki hata unyoya."

Hilo la unyoya ndilo lililomtoa. Kiboko akapanda ukingo, maji yakimtiririka, akasimama nchi kavu.

"Sogea kidogo, mkubwa," Nguchiro akasema, akirudi kinyumenyume, kamera jichoni.

Pwata, pwata, pwata.

"Mlima?"

"Umelegea. Bado. Sogea kidogo."

Pwata, pwata, pwata.

"Mlima?"

"Umebaki mabega. Sogea kidogo."

Pwata, pwata, pwata.

"Mlima, we Nguchiro!"

"Umebaki jina tu. Sogea kidogo."

Wakafika uwanjani. Nyasi zilikuwa zimekufa, ardhi imepasuka. Kiboko alikuwa hajawahi kufika pale jua likiwa juu. Bwawa lilikuwa nyuma yake, mbali, limekuwa kama sahani. Nguchiro akajitupa chini, akalala kifudifudi.

"Mbona umelala? Umechoka?"

"Mpiga picha akisimama, anayepigwa anaonekana mfupi. Akilala, anayepigwa anaonekana mlima."

"Mlima si umesema umeyeyuka?"

"Ule wa nyuma. Wa mbele ni wewe."

Kiboko akakipenda kichwa chake, akakiinua.

"Hapo hapo. Tulia. Usigeuke. Shingo nene ikigeuka inatoa mikunjo."

Nguchiro akainua mkia.

"Mkia wa nini huo?"

"Napima upepo, mkubwa."

Kule nyuma vichaka vikatikisika. Pundamilia akatoka. Mbuni akatoka, ameshusha shingo mpaka magotini. Digidigi wakatoka, wananyata. Nyani akatoka, yeye aliyeleta karatasi, mikono kinywani asicheke. Ngiri akatoka mbio, akapiga magoti ukingoni kama kawaida yake. Nyuma ya wote akatoka Mama Swala. Hakukimbia. Alikuwa anamsukuma mtoto wake kwa pua, hatua, anaanguka, anamwinua, hatua, anaanguka. Hangeweza kumwacha kichakani, maana Fisi naye alikuwa anazunguka.

Wakaanza kunywa. Gudu, gudu, gudu.

Kiboko akatega sikio. "Nasikia maji."

"Ni bwawa linakulilia, mkubwa. Halijazoea kuachwa."

"Linalia hivyo?"

"Linakupenda sana."

Ngiri akazidisha. Gudugudugudu, fyooo!

"Hilo limelia vibaya," Kiboko akasema.

Nguchiro akashusha mkia. Wanyama wakalala chini, wote, midomo inadondosha maji. Pakawa kimya. Mama Swala naye akalala, bado hajafika ukingoni. Kati yake na maji palikuwa na matope yaliyokauka, na matope yaliyolowa, na mtoto.

Mkia ukapanda. Wakainuka.

"Nanusa Ngiri," Kiboko akasema.

"Harufu haitoki pichani, mkubwa."

"Lakini nanusa!"

"Hata mimi nanusa. Pichani haitoki. Usikunje pua, umependeza."

Kiboko akanyoosha pua. Jua likampiga. Ngozi ya Kiboko si ya jua. Ikikauka huwasha, ikiwasha hutoa jasho jekundu. Jasho likaanza kumtoka mgongoni, likateremka mbavuni.

"Ngozi inaniuma."

"Unang'aa, mkubwa."

"Inaniuma, nasema!"

"Unang'aa mpaka kamera inafumba. Tulia kidogo. Kuna wingu linakuja, likipita napiga."

"Wingu liko wapi?"

"Bado halijafika."

Nguchiro aliona kupitia kamera. Mama Swala alikuwa amefika kwenye matope yaliyolowa. Mtoto alikuwa amezama miguu. Mama alikuwa anamvuta kwa meno, shingoni. Maji yalikuwa mbele ya pua yake na alikuwa bado hajanywa.

"Imetosha," Kiboko akasema. "Narudi majini." Akainua mguu, akaanza kugeuka.

Mkia wa Nguchiro ukasimama wima kama mwiba. Akaruka, akasema kwa sauti.

"Geuka, mkubwa! Geuka tu. Kidole changu kiko kwenye kamera. Ukigeuka napiga kitakachokuwa mbele yangu. Kesho Nyani ataleta karatasi nyingine, na safari hii haitakuwa shingo."

Mguu ukabaki hewani.

Kiboko alifikiri. Ukimtazama Kiboko akifikiri utadhani kuna mtu anasogeza kabati ndani. Aliwaza mbele yake ilivyo. Aliwaza nyuma yake ilivyo. Aliwaza vyura. Akaushusha mguu pale pale ulipokuwa.

"Piga basi," akasema kwa meno yaliyofungwa. "Piga sasa hivi. La sivyo ninakukanyaga wewe, na kamera, na wingu lako."

Hapo hapakuwa na mlango wa kutokea. Nguchiro akaweka jicho kwenye kamera. Aliwaona wote. Pundamilia na milia yake. Mbuni na shingo ile ile. Ngiri amepiga magoti. Digidigi wamejipanga. Na Mama Swala, kichwa chini hatimaye, anakunywa, mtoto amejilaza ubavuni pake. Akifunga kamera, amekanyagwa. Akipiga, wamo wote pichani. Akashusha mkia, lakini Mama Swala hakuutazama. Alikuwa anakunywa. Na kwa kuwa yeye hakulala, wengine nao hawakulala.

Nguchiro akafungua jicho la kamera mpaka mwisho wa kufunguka, maana likifunguka hivyo vya mbali huyeyuka zaidi. Akashika uso wa Kiboko, unywele wa pua kwa unywele wa pua. Akafumba macho yake mwenyewe.

Kacha!

"Lete," Kiboko akasema.

Nguchiro akapeleka. Kiboko akainamia kioo. Nyuma yake wanyama wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kwa ncha za kwato. Nguchiro hakuthubutu kuwatazama wao wala picha. Alitazama meno.

Kiboko akakigusa kioo kwa pua.

"Hivi nini?" akauliza.

"Vipi, mkubwa?"

"Hivi viduara."

Nguchiro akachungulia. Kiboko alikuwa mbele, kila unywele mahali pake. Nyuma yake mlima haukuwepo. Ukingo haukuwepo. Palikuwa na rangi ya udongo, laini, na juu yake viduara vya mwanga vinaelea, vimepakana. Kimoja cha kahawia, kikubwa, chini kushoto. Vidogo vidogo vya dhahabu, vimejipanga. Kimoja cheusi na cheupe, rangi zimechanganyika kama uji wenye majivu. Na pembeni kulia, kimoja cha rangi ya asali, na kingine kidogo kimeegemea.

"Hiyo ni nyuma, mkubwa," Nguchiro akasema. "Imeyeyuka."

"Yote?"

"Yote."

"Nikabaki mimi."

"Ukabaki wewe."

Kiboko akaleta kioo karibu. Akapeleka mbali. Akaleta karibu.

"Hiki cha kahawia kimekaa vizuri," akasema.

"Kimekaa vizuri sana, mkubwa."

"Na hivi vya dhahabu. Simba ana hivi kwenye picha yake?"

"Simba nyuma yake ana gari."

Kiboko akacheka kwa mara ya kwanza tangu karatasi. Hwa! Hwa! Hwa! Akarudi bwawani na kamera mbele ya uso, hatazami chini. Ukingoni palikuwa na nyayo za kila namna, kwato, kucha, na magoti ya Ngiri yamechora mashimo mawili. Kiboko aliyekauka haingii majini polepole. Aliiweka kamera juu ya jiwe, macho bado kwenye picha, akajitupa. Chubwiii! Mawimbi yakapanda ukingo, yakashuka na nyayo zote.

Jioni ile maziwa ya Mama Swala yakarudi. Mtoto alivuta, akapata kitu, akavuta tena.

Nguchiro akasubiri mkubwa apoe, akaenda ukingoni kuchukua kamera yake.

"Mkubwa, picha imetoka safi. Maji utafungua?"

"Picha moja?" Kiboko akasema. "Umeona wapi mkubwa wa picha moja? Kesho tena. Pale pale, jua lile lile. Na nyuma iwe vile vile, na viduara vyangu vyote. Mpaka nitosheke."

"Na utatosheka lini?"

"Mimi?" Kiboko akapiga mwayo. "Hwaaa!"

Basi ikawa hivyo. Kila jua lilipopanda, Kiboko alitoka majini mwenyewe, bila kuitwa. Pwata, pwata, pwata, mpaka uwanjani. Akainua kichwa, akatulia. Mkia ukapanda. Gudu, gudu, gudu. Kacha! Kisha akaitazama picha, akahesabu viduara, akarudi kuoga. Hakuwahi kugeuka, kwa sababu ya mikunjo. Na maji, kwa sheria ya bonde, yalibaki yamefungwa kabisa.

Siku moja Ngiri hakwenda. Alikuwa amefukua mizizi yenye maji upande wa kichuguu, ameshiba, amelala chali. Kiboko akatulia, mkia ukapanda, kacha! Kiboko akatazama kioo. Akatazama tena. Akanguruma mpaka ndege wakaruka.

"Nguchiro!"

"Mkubwa!"

"Hapa kushoto pana pengo. Kiduara changu cha kahawia kiko wapi?"

"Mkubwa, labda upepo..."

"Nakitaka! Sitoki hapa uwanjani mpaka kiduara changu kirudi! Nani amekichukua? Ni wivu huo! Kirudi sasa hivi!"

Nguchiro akakimbia mpaka kichuguuni, ulimi nje.

"Shemeji, amka. Unaitwa ukanywe maji."

Ngiri akafungua jicho moja. "Nani ananiita?"

"Mwenye maji."

"Mwambie leo sina kiu."

"Bwana we, nani kakuuliza habari ya kiu? Amka!"

Ngiri akaamka. Akaenda bwawani, anasonya njia nzima. Akapiga magoti mahali pake. Akanywa kwa lazima, kwa amri ya Kiboko, tumbo limejaa, huku wenzake wakimhimiza kwa macho anywe vizuri asiwaponze.

Kacha!

"Ehee!" Kiboko akasema. "Sasa nyuma pamekuwa safi."

Funzo la ngano hii, watoto, ni hili. Mkubwa akipigwa picha, usisimame nyuma yake. Ni kukosa adabu. Ukishikwa na kiu, vumilia, mwenye maji ana huruma na anajua lini akupe. Na ukilazimika kabisa kusimama nyuma ya mkubwa, basi simama mbali, na upige magoti.

Ngano nimeitua ukingoni. Ikiwa imekukata kiu, tumekunywa sote. Ikiwa haijakukata, usigeuke kunitazama, utatoa mikunjo.